Kukata rufaa baada ya kuhukumiwa kwa wizi ukiwa hupo mahakamani: mwongozo kwa wakazi wa Kigoma

Mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la wizi akiwa hayupo mahakamani ana mambo mawili ya kuyapigania, na kosa ninaloliona mara nyingi hapa Kigoma ni kuyachanganya. La kwanza ni sababu iliyomfanya asifike tarehe alizopangiwa. La pili ni iwapo ushahidi wa upande wa mashtaka ulithibitisha kweli kwamba yeye ndiye mwizi. Kila jambo lina mlango wake, muda wake na ushahidi wake, na anayekimbilia la pili bila kulishughulikia la kwanza huweza kukaa miezi mingi katika gereza la Bangwe akisubiri rufaa ambayo ingeweza kuepukwa kwa maombi ya kurasa tatu.

Ninaandika kama msaidizi wa kisheria, siyo wakili. Wanaokuja kwangu ni zaidi mama na dada wa wafungwa, wakiwa na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi: hati ya dhamana iliyokunjwa mara nne, risiti za hospitali, barua ya mtendaji wa kijiji, na mara nyingi hakuna nakala ya hukumu. Kwao hasa ndiyo nimeuandika mwongozo huu.

Ili maelezo yashikike, tuchukue mfano wa kijana fundi wa mashua wa Kibirizi anayeshtakiwa kuiba injini ya boti ya nguvu za farasi 40, mali ya mvuvi wa Katonga. Kesi iko Mahakama ya Wilaya, naye yuko nje kwa dhamana ya watu wawili. Anakosa tarehe tatu mfululizo, shauri linasikilizwa bila yeye, anahukumiwa kifungo cha miaka mitano, na miezi minne baadaye anakamatwa mwaloni, yaani pale boti zinapotia nanga. Kijana huyu ni wa mfano tu, lakini kila kipande cha kisa chake nimekiona kwa watu wa kweli.

Neno moja kuhusu namba za vifungu. Ninapotaja kifungu bila kutaja sheria nyingine, nina maana ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwa namba zilizozoeleka hadi toleo la mwaka 2022. Sheria zetu zimerekebishwa tena katika Toleo la 2023, kwa hiyo kabla hujaandika namba yoyote kwenye hati, mwombe karani au wakili akuhakikishie namba inayotumika sasa. Kanuni zenyewe ndizo za kushika kwanza.

Hatua ya kwanza: fahamu ni mahakama ipi iliyohukumu, na hukumu ilisomwa lini

Swali hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua siku ulizonazo. Ikiwa hukumu ilitolewa na Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya na muda wake ni siku 30 tangu siku ya uamuzi, kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Ikiwa ilitolewa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa inakwenda Mahakama Kuu, na hapo kuna muda wa aina mbili ndani ya kifungu cha 361: siku 10 za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Wazee wengi bado husema kwamba rufaa "inapanda Tabora", kwa sababu kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa. Sasa Kigoma ina masjala yake ya Mahakama Kuu, na mtu wa Kasulu, Kibondo au Uvinza hana haja ya kupanda treni kwenda Tabora kufungua rufaa ya shauri lililohukumiwa mkoani hapa.

Siku zinahesabiwa kuanzia hukumu iliposomwa, siyo kuanzia mtu alipokamatwa. Hapa ndipo watu wengi huumia. Kijana wetu alikamatwa miezi minne baada ya hukumu, kwa hiyo siku 10 na siku 45 zilikwishapita kabla hajajua kwamba ana kifungo. Hilo halimnyimi haki yake, ila linabadilisha mpangilio wa hatua, kama nitakavyoeleza mbele.

Kwa yule ambaye hukumu imesomwa hivi karibuni, hesabu inakwenda hivi. Tuseme hukumu imesomwa tarehe 3 Machi. Siku yenyewe ya hukumu haihesabiwi, kwa hiyo notisi iwe imefika ifikapo tarehe 13 Machi, na rufaa ifikapo tarehe 17 Aprili. Muda uliotumika kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, huondolewa katika zile siku 45. Kama uliomba nakala tarehe 5 Machi na ukakabidhiwa tarehe 2 Aprili, zimeondoka siku 28 na mwisho wako unasogea hadi tarehe 15 Mei. Hesabu hiyo inakufaa tu kama una barua ya kuomba nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Maombi ya mdomo dirishani kwa karani, hata ungeyarudia kila Jumatatu, hayaachi alama yoyote kwenye jalada.

Kwa rufaa inayotoka Mahakama ya Mwanzo usikae ukisubiri nakala. Andika rufaa yako ndani ya siku 30 kwa kutumia unachokikumbuka na ulichokisikia hukumu iliposomwa.

Hatua ya pili: aliyekamatwa apelekwe kwanza mbele ya mahakama iliyomhukumu

Hii ndiyo hatua ninayoomba isomwe mara mbili. Kifungu cha 226 kinairuhusu mahakama kuendelea na shauri iwapo mshtakiwa hakufika tarehe iliyoahirishiwa, kana kwamba yupo. Kifungu hicho hicho, katika kifungu kidogo cha pili, kinaipa mahakama hiyo uwezo wa kutengua hatia iliyoitamka bila yeye kuwepo, ikiridhika na mambo mawili kwa pamoja: kwamba kutofika kwake kulitokana na sababu zilizokuwa nje ya uwezo wake, na kwamba anao utetezi wenye uzito katika kesi yenyewe.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza tangu miaka ya 1990 kwamba mtu aliyehukumiwa bila kuwepo, anapokamatwa, hapaswi kupelekwa gerezani moja kwa moja. Anapaswa kurudishwa mbele ya mahakama iliyomtia hatiani ili aulizwe alikuwa wapi na ana utetezi gani, na asiye na wakili anapaswa kuambiwa kwamba ana haki hiyo. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Haki ya kusikilizwa imo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, na mtu wa kijijini hawezi kuomba kitu ambacho hajui kwamba kipo.

Kwa hiyo, mara tu ndugu yako anapokamatwa kwa hati ya kifungo cha zamani, nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo ukaulize, kwa adabu lakini bila kuyumba, ni lini atafikishwa mbele ya hakimu aliyemhukumu. Akifikishwa, asikae kimya. Aeleze mambo yote mawili, na aombe maelezo yake yaandikwe. Nimewahi kusoma mwenendo wa shauri ambamo mshtakiwa aliulizwa alikuwa wapi, akajibu "nilikuwa naumwa", kisha akanyamaza. Hakueleza aliumwa nini, wapi, nani alimtibu, wala utetezi wake katika wizi ulikuwa upi. Maombi yakakataliwa kwa mistari miwili, nami nisingeweza kumlaumu hakimu.

Kama amekwishapelekwa gerezani bila kupitia kwa hakimu, mlango haujafungwa. Andika maombi rasmi kwa mahakama iliyohukumu, yakiambatana na hati ya kiapo, ukiomba hatia itenguliwe chini ya kifungu cha 226. Maombi yakikubaliwa, hukumu inaondoka na shauri linasikilizwa tena akiwa na nafasi ya kuwahoji mashahidi. Yakikataliwa, kukataliwa huko kunakuwa miongoni mwa mambo ya kupeleka Mahakama Kuu. Na kama hakuwahi kupewa nafasi ya kujieleza kabisa, hiyo peke yake ni sababu nzito ya rufaa.

Angalia pia nyuma ya hati ya kifungo. Kwa aliyehukumiwa bila kuwepo, kifungo huanza kuhesabiwa siku aliyokamatwa, na anayemkamata anatakiwa kuiandika tarehe hiyo mgongoni mwa hati. Nimeona hati ambayo mgongo wake ulikuwa mweupe, na mfungwa akawa anabishania siku zake za kutoka bila karatasi ya kumsaidia. Mwombe mkuu wa gereza akuthibitishie tarehe iliyoandikwa.

Hatua ya tatu: kusanya uthibitisho wa kila tarehe aliyoikosa

Wanaokosa tarehe hawakosi wote kwa ukaidi. Yupo anayetoka Kalya au Buhingu kwa boti, na ziwa likichafuka kwa upepo wa kusi hakuna nahodha mwenye akili anayeng'oa nanga. Yupo aliyelazwa. Yupo aliyekuwa mahabusu ya wilaya nyingine kwa kesi nyingine, na yupo aliyeambiwa tarehe akaisikia vibaya. Mahakama inazijua hali hizi, lakini inazipokea kwa ushahidi.

Chukua daftari, kisha andika tarehe zote za shauri kama zilivyo kwenye mwenendo, siyo kama mnavyozikumbuka nyumbani. Kwa kila tarehe aliyokosa, weka sababu na karatasi inayoithibitisha. Kwa kijana wetu: tarehe ya kwanza shauri lilikuja kwa kutajwa tu, yaani kupangiwa tarehe bila kusikiliza mashahidi, naye akadhani siku ya kutajwa haina maana, tarehe ya pili alikuwa amelazwa, tarehe ya tatu alikuwa bado hajiwezi. Ni lazima aseme kweli kwamba tarehe ya kwanza hana udhuru wenye nguvu. Hakimu anayeona mtu amekiri kosa dogo humwamini zaidi katika lile kubwa, na kwa kweli kilichomponza ni tarehe ya pili na ya tatu, mashahidi walipotoa ushahidi.

Naomba nisimame kidogo kwenye hili la kutajwa. Watu wengi wamejenga imani kwamba siku ya kutajwa mshtakiwa anaweza kumtuma ndugu akachukue tarehe. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana anatakiwa afike kila siku aliyopangiwa na mahakama, iwe ya kutajwa au ya kusikilizwa. Asipofika, hakimu anaweza kutoa hati ya kumkamata, na wadhamini wakaitwa waeleze kwa nini wasilipe kiasi walichoahidi. Kama hawezi kufika, mdhamini aende mwenyewe asubuhi, asimame shauri linapoitwa na kutoa taarifa yenye karatasi, ili neno "anaumwa" liingie kwenye mwenendo siku ile ile. Maelezo yaliyoandikwa siku ya tukio yana uzito kuliko kiapo cha mwaka mmoja baadaye.

Karatasi ya hospitali iwe na jina kamili linalolingana na hati ya mashtaka, tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa, namba ya jalada la mgonjwa, jina na saini ya mganga, na muhuri unaosomeka. Mama mmoja aliniletea cheti ambacho tarehe yake ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya juu yake kwa kalamu ya rangi nyingine. Mwanawe aliumwa kweli, na kituo chenyewe kilikuwa na rejesta ya kuthibitisha, lakini aliyekosea tarehe alisahihisha kwa kufuta. Tulirudi tukaomba barua mpya kutoka kwa mganga mfawidhi inayonukuu rejesta. Usipeleke mahakamani karatasi iliyokwanguliwa hata kama inasema kweli, na usikubali kamwe kununua cheti. Wakili wa Serikali anaweza kuuliza kituo husika, na mtu akibainika kuwasilisha cheti cha uongo, hata sababu zake za kweli hazitasikika tena.

Aliyezuiwa na ziwa au barabara atafute kiapo cha nahodha, cha mwenye chombo au cha abiria mwenzake, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji. Barua ya mtendaji peke yake ni dhaifu, kwa sababu mara nyingi inaeleza alichoambiwa, siyo alichokiona.

Hatua ya nne: notisi na nakala

Notisi ni karatasi moja. Inataja Mahakama Kuu ya Tanzania, Masjala Ndogo ya Kigoma, kama mahakama inayokusudiwa, inataja namba ya shauri na mahakama lilikotoka, tarehe ya hukumu, kosa, adhabu, na kusema kwamba mrufani anapinga hatia, adhabu, au vyote viwili. Kichwa chake kisiwe cha Mahakama ya Wilaya. Zimewahi kuondolewa rufaa kwa kasoro hiyo tu. Mfungwa anaiwasilisha kwa mkuu wa gereza, ambaye sheria inampa jukumu la kuipeleka mahakamani. Siku anayoikabidhi, iandikwe kwenye karatasi yenyewe, na mfungwa aweke dole gumba au saini.

Pamoja na notisi, peleka barua ya kuomba nakala ya hukumu, mwenendo na vielelezo. Mahakama sasa inatumia mfumo wa kielektroniki wa kuratibu mashauri, kwa hiyo mwombe karani namba ya shauri jinsi inavyosomeka kwenye mfumo, kwa kuwa namba ya zamani ya jalada huweza kukupotezea siku nzima dirishani.

Hatua ya tano: soma mwenendo ukitafuta mali yenyewe

Kutofika mahakamani siyo ushahidi wa wizi. Hata mshtakiwa asipokuwepo, upande wa mashtaka bado una wajibu wa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ya maana, na Mahakama Kuu katika rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia maoni yake yenyewe. Kwa hiyo soma mwenendo polepole, ukiwa na penseli.

Anza na hati ya mashtaka. Imetaja kitu gani, cha nani, chenye thamani gani, kilichoibwa lini na wapi? Kisha ifuate injini kwa mashahidi. Tuseme hati inataja injini yenye namba inayoishia na 417, mlalamikaji anasema ya kwake inaishia na 471, na hati ya ukamataji haina namba kabisa. Tofauti hiyo inaweza kuwa kosa la kalamu, na inaweza kuwa injini nyingine. Kama upande wa mashtaka haukubadilisha hati wala kueleza tofauti hiyo, shaka inabaki, na shaka ni ya mshtakiwa.

Kesi nyingi za aina hii husimama juu ya kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba kanuni hiyo haitumiki mpaka mambo manne yathibitike: mali ilikutwa kwa mshtakiwa, imetambuliwa bila utata kuwa ya mlalamikaji, iliibwa karibuni, na ndiyo hiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Yapitie moja baada ya jingine. "Ilikutwa kwake" ina maana gani, ikiwa karakana wanaitumia mafundi watano na kila mmoja ana ufunguo? "Karibuni" ni lini? Kitu kinachopita mikononi haraka, kama simu, hakipimwi sawa na injini ambayo wanunuzi wake mwaloni wanahesabika.

Utambuzi ndio wenye utajiri zaidi. Mlalamikaji anatakiwa kueleza alama za pekee za mali yake kabla hajaonyeshwa, siyo kuonyeshwa kwanza kisha aseme "ndiyo yenyewe". Mvuvi aliyesema mapema kwamba kifuniko cha injini yake kiliungua pembeni karibu na kishikio, na kwamba skrubu moja ni ya shaba kwa sababu ile ya asili ilidondoka majini, amejenga ushahidi mgumu kuubomoa. Aliyesema tu kwamba ni injini ya rangi fulani, ya kampuni ambayo nusu ya boti za Kibirizi zinaitumia, hajatambua chochote.

Angalia vilevile karatasi za ukamataji. Polisi wanapokamata kitu wanatakiwa kutoa stakabadhi yenye saini ya aliyepekuliwa na ya mashahidi waliokuwepo. Je, shahidi huru aliitwa mahakamani? Injini ilitunzwa na nani hadi siku ya ushahidi? Hapa niseme ukweli usiopendeza: mahakama zimekubali kwamba kwa kitu kisichobadilishwa kirahisi, kama ng'ombe au pikipiki, pengo dogo katika makabidhiano halitoshi kuangusha kesi. Usijenge rufaa nzima juu ya pengo hilo kama utambuzi wenyewe ni imara. Kwa nyaraka, kanuni ni kali zaidi: hati iliyopokelewa kama kielelezo bila kusomwa kwa sauti mahakamani huweza kuondolewa kwenye ushahidi. Tafuta kwenye mwenendo maneno yanayoonyesha kwamba ilisomwa.

Mwisho wa usomaji, angalia kama hakimu alibadilika katikati ya shauri. Kifungu cha 214 kinaruhusu hakimu mwingine kuendelea, lakini sababu za kubadilika zinatakiwa kuonekana kwenye mwenendo.

Na kama ndugu yako alikiri kosa, ujue mapema kwamba aliyekiri hukata rufaa dhidi ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu, isipokuwa pale anapoonyesha kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na utata au hakuelewa shtaka.

Hatua ya sita: andika sababu za rufaa chache na nzito

Hati ya rufaa iandikwe kwa lugha iliyo wazi, na Kiswahili sasa ni lugha ya mahakama kwa mujibu wa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021. Iambatane na nakala ya hukumu. Nimeona hati zenye sababu 17, nyingi zikirudia jambo moja kwa maneno tofauti. Sababu nne zenye kurasa za mwenendo zilizotajwa zinafaa zaidi. Kwa kijana wetu ningeandika hivi:

"Kwamba hakimu alikosea kisheria kwa kutompa mrufani nafasi ya kueleza sababu za kutokuwepo kwake baada ya kukamatwa, kinyume na kifungu cha 226." "Kwamba hakimu alikosea kuona kuwa injini ilitambuliwa, ilhali namba iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka inatofautiana na ile aliyoitaja shahidi wa kwanza, na hati ya ukamataji haina namba." "Kwamba hakimu alichukua kutofika kwa mrufani kuwa ishara ya hatia." Ya mwisho iandikwe tu kama kweli hukumu inasema hivyo, na mara nyingine inasema.

Mwambie mfungwa pia kwamba Mahakama Kuu ina uwezo wa kupunguza adhabu, na ina uwezo wa kuiongeza. Ikiona kasoro katika usikilizaji inaweza kuamuru shauri lisikilizwe upya, lakini kanuni inayofuatwa tangu mwaka 1966 ni kwamba usikilizaji upya hauamriwi ili upande wa mashtaka ukazibe mapengo ya ushahidi wake.

Muda ukiwa umepita

Mahakama Kuu inaweza kupokea rufaa nje ya muda ikiwepo sababu nzuri. Maombi yanaletwa kwa hati ya kiapo, na kanuni ni kwamba kila siku ya kuchelewa ielezwe. Kijana wetu aeleze tangu hukumu hadi kukamatwa, tangu kukamatwa hadi maombi ya kutengua, tangu kukataliwa hadi kupata nakala. Siku zilizopita akiwa gerezani zithibitishwe na kiapo au barua ya ofisa wa gereza. Kiapo kinachosema "nilikuwa mfungwa, sikujua sheria" na kuishia hapo hakitoshi. Kinachotaja siku aliyokabidhi notisi na jina la ofisa aliyeipokea kinatosha zaidi.

Dhamana wakati rufaa inasubiri ipo chini ya kifungu cha 368, lakini nisimpe mtu matumaini yasiyo na msingi: kwa aliyewahi kukosa tarehe akiwa nje kwa dhamana, kuipata ni kugumu sana. Nguvu hizo ni bora zielekezwe kwenye kuharakisha nakala.

Familia isiyo na uwezo wa kumlipa wakili iombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo inamwezesha jaji au hakimu kuelekeza mtu apatiwe msaada. Huduma hiyo ni bure, na anayekuomba "hela ya faili" kwa jina la msaada wa kisheria mkatalie. Maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani yanasomwa bila malipo katika tovuti ya TanzLII, na kijana yeyote wa familia mwenye simu anaweza kutafuta humo kesi zinazofanana.

Kwa aliyeibiwa

Mwenye injini naye ni mtu, na mara nyingi ni maskini kuliko mshtakiwa. Naye tarehe zinamhusu: mlalamikaji asipofika siku ya kusikilizwa, mahakama inaweza kufuta shtaka na kumwachia mshtakiwa. Katika shauri la Mahakama ya Mwanzo, mlalamikaji asiyeridhika na kuachiwa huko anaweza kukata rufaa mwenyewe. Katika Mahakama ya Wilaya, uwezo huo uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye notisi yake inatakiwa ndani ya siku 30. Kwa hiyo mlalamikaji awahi ofisi ya mashtaka ya mkoa na barua ya maelezo yake, asisubiri mwezi uishe.

Siku ya kusikilizwa

Mrufani aliye gerezani huletwa mahakamani au husikilizwa kwa njia ya video. Aliye nje afike mwenyewe, saa moja kabla, kwa sababu aliyefungua rufaa juu ya tarehe alizokosa kisha akakosa tarehe ya rufaa hiyo hiyo anaweza kuona rufaa ikiondolewa. Wakili wa Serikali akisema kwamba anaunga mkono rufaa, usidhani imekwisha. Jaji bado ataupima ushahidi mwenyewe. Akiuliza swali, jibu swali hilo, kisha urudi kwenye sababu zako.

Rufaa ikikubaliwa, ulizia kabla ya kuondoka kama hati ya kumwachia imetumwa Bangwe, na iwapo amri ya fidia imefutwa pia. Ikikataliwa, rufaa ya pili inakwenda Mahakama ya Rufani, ambayo hufanya vikao vyake hata hapa Kigoma, na notisi yake ni ndani ya siku 30. Kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, utahitaji kwanza cheti cha Mahakama Kuu kwamba kuna hoja ya kisheria. Beba karatasi tupu na kalamu siku hiyo ya uamuzi, ili notisi iandikwe ukiwa bado kwenye viunga vya mahakama na ipigwe muhuri kabla dirisha la masjala halijafungwa.